Homa nne tangu Krismasi, na ziwa liko mlangoni

Shikamoo Mama Nesi,

Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Limuru, nina miaka 34. Nimekaa hapa Matema, wilaya ya Kyela, mwaka mmoja na miezi mitatu. Napika kwenye nyumba ya wageni ya ufukweni, na ninaishi na mwanangu wa kiume wa miaka saba kwenye chumba cha kupanga, hatua kama mia mbili kutoka majini. Wageni wakifika husema tunaishi peponi: mchanga, Milima ya Livingstone nyuma yetu, Jumamosi vyungu vya Wakisi vinashushwa kwenye mitumbwi pale Lyulilo, jioni harufu ya usipa. Nami nilipofika nilisema hivyo hivyo.

Lakini tangu Krismasi nimeugua homa mara nne. Ya kwanza nilipima zahanati, ikaonekana malaria, nikapewa dawa mseto, nikapona. Ya pili ilikuja Februari tukiwa na kundi kubwa la wageni, sikuwa na nafasi ya kwenda popote. Nikanunua dawa ile ile dukani, na siku ya pili nilipopata nafuu nikaweka vidonge vilivyobaki kabatini. Ya tatu nilimeza hivyo vilivyobaki na kuongeza vya jirani. Ya nne ni ya wiki iliyopita. Nilikuwa na pesa kidogo, muuza dawa akanikatia vidonge vinane. Homa imeshuka lakini nguvu sina, kichwa kinauma, na usiku nakohoa. Kwetu Limuru sikuwahi kuumwa malaria hata siku moja.

Kuna jambo jingine. Mwanangu akitoka shule anaingia ziwani na wenzake hadi jua linapozama. Nilifurahi, maana alipofika hakuwa na rafiki, watoto walimcheka kwa Kiswahili chetu. Juzi nilimwona akikojoa nyuma ya nyumba, na matone ya mwisho yalikuwa mekundu. Nilishtuka. Akaniambia, “Mama, hata wenzangu wako hivyo.” Jirani naye akasema nisihangaike, ni mtoto wa kiume anakua.

Utaniuliza kwa nini siendi hospitali. Mwajiri wangu aliniahidi atashughulikia kibali changu tangu mwaka jana, hajafanya. Muhuri wa kwenye pasipoti ulishakwisha muda. Naogopa nikifika dirishani nitaulizwa karatasi ambazo sina, kisha niondolewe nchini na mtoto wangu akiwa katikati ya muhula.

Jirani mwingine ameniambia ziwa halijanipokea, nirudi kwetu. Mama, nirudi?

Mpishi wa Matema

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili macho yalinisimama kwa mtoto kabla hayajafika kwenye homa zako. Naanzia hapo.

Mkojo unaomalizikia na damu, kwa mtoto anayeogelea Ziwa Nyasa kila siku, ni kichocho mpaka maabara iseme vinginevyo. Hiyo si dalili ya kukua. Jirani yako hakukudanganya kwa nia mbaya. Kwenye vijiji vingi vya kando ya maji watoto wengi hukojoa damu, na kitu kikiwapata watoto wote wazazi huacha kukiona kuwa ugonjwa. Nimekutana na akina baba waliojivunia damu ile kwa watoto wao. Wengine niliwapokea tena miaka mingi baadaye, kibofu kimekakamaa, figo zimeharibika. Kichocho kikiachwa kinaweza kuleta hata saratani ya kibofu. Hakiui haraka, na ndiyo maana watu wanakidharau.

Wewe ni mpishi, unajua kufuata kitu toka jikoni hadi mezani, basi nifuate. Mtoto mwenye kichocho anakojoa majini. Mayai yaliyomo kwenye mkojo yanaanguliwa, vinavyotoka vinaingia kwa konokono wadogo wa majini na kuongezeka humo. Baada ya wiki kadhaa konokono anatema vimelea visivyoonekana kwa macho, na huvitoa mchana, jua likiwa kali, saa zile zile watoto wanapokuwa majini. Kimelea kikigusa ngozi kinapenya kwa dakika chache, hakihitaji kidonda wala kumeza maji. Kinakua kuwa mnyoo, na minyoo hiyo inakaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Aina nyingine hukaa upande wa utumbo, ndiyo inayoleta damu kwenye choo.

Utaambiwa ufuko wenu ni mchanga na mawimbi, konokono wanapenda majani na maji yaliyotulia. Ni kweli kwa sehemu. Lakini upande wa Malawi wa ziwa hili hili, huko Cape Maclear, watafiti walikuta konokono mwenye kimelea akiishi kwenye mchanga wa ufuko ulio wazi, na wanahusisha kuongezeka kwao na kuvuliwa kupita kiasi kwa samaki wanaokula konokono. Usitegemee weupe wa mchanga.

Dawa yake ipo na inafanya kazi vizuri: prazikwanteli. Vidonge huhesabiwa kwa uzito au urefu wa mtoto, vinamezwa kwa siku moja, baada ya kula, maana ni vichungu na tumbo tupu litamsumbua. Anaweza kupata kizunguzungu au tumbo kuuma kwa saa chache, usitishike. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba dawa inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga inaiacha. Kwa hiyo mwulize daktari lini arudie dozi na lini apimwe tena mkojo. Shuleni huwa kuna siku za kugawa dawa hiyo kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Mwulize mwalimu kama wako alikuwepo au ilimpita.

Na wewe je? Hukusema unaosha wapi samaki, unachota wapi maji, unafua wapi. Kama miguu yako inaingia ziwani, umo kwenye safari ile ile. Nitakuuliza kama mama kwa binti yake: je, unatokwa na uchafu ukeni usioisha, au damu kidogo nje ya siku zako, au maumivu unapokutana na mwanamume? Mayai ya kichocho hukaa pia kwenye shingo ya kizazi. Wanawake wengi wa kando ya maziwa wametibiwa magonjwa ya zinaa mara tatu, mara nne, ndoa zikayumba kwa kushukiana, kumbe ni ziwa. Ukiwa na dalili hizo, mtajie nesi neno kichocho wewe mwenyewe. Asipokufikiria hivyo, mkumbushe bila aibu.

Sasa homa zako.

Mimi nimezaliwa Makete. Kule asubuhi ya mwezi wa sita majani yanakuwa meupe kwa baridi, na bibi yangu alimaliza maisha yake bila kulala ndani ya chandarua. Mwaka 1986 nikapangiwa kazi Kyela. Kutoka kwetu hadi usawa wa Ziwa Nyasa, mita 475 hivi juu ya bahari, ni kushuka karibu hadi dunia nyingine. Limuru yako nayo iko juu ya mita 2,000. Kwenye baridi, chini ya nyuzijoto 18 hivi, kimelea cha malaria hakiwahi kukomaa ndani ya mbu kabla mbu huyo hajafa. Kwa hiyo sisi tuliokulia juu tunashuka na damu isiyokijua. Mwenyeji wa Kyela aliugua malaria utotoni tena na tena, na aliyesalimika mwili wake umejifunza. Akiwa mtu mzima anaweza kuwa nayo na bado akaenda shamba la mpunga. Akikwambia malaria ni kama mafua, anasema kweli ya mwili wake. Wewe na mimi malaria inaweza kutuangusha ndani ya siku mbili, na mwanao zaidi.

Nilipofika Kyela niliumwa ndani ya mwezi wa kwanza. Halafu kila nilipohisi joto nilijitibu mwenyewe. Nilikuwa nesi, dawa ziko mkononi, ningempangia nani foleni? Enzi hizo ilikuwa klorokwini, inayokuwasha mwili mzima usiku kucha. Nilimeza dozi tatu kwa miezi miwili. Ya tatu haikushusha homa, nikaanguka zamu ya usiku, na daktari alipopima mkojo akakuta uambukizi uliopanda hadi figo. Malaria haikuwepo kabisa. Kosa lile lilikuwa langu, na nililala wodini siku kumi na moja. Ndiyo sababu nakusihi: usimeze tena dawa ya malaria bila kupimwa.

Tazama ulivyofanya tangu Februari. Dozi ya mtu mzima wa zaidi ya kilo 35 ni vidonge 24: vinne mara moja, vinne zikipita saa nane tangu vile vya kwanza, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Wewe ya pili uliikata katikati, ya tatu ukaunganisha mabaki, ya nne ukapewa theluthi moja. Nafuu ya siku ya pili si kupona, vimelea vimepungua tu, na vilivyobaki vinaongezeka tena. Muuza dawa aliyekukatia vinane alitaka kukusaidia kwa kadiri ya pesa yako, najua ilivyo mwisho wa mwezi, lakini nusu dozi ni pesa iliyotupwa. Bora ungemwomba mwajiri akukopeshe mshahara.

Na kitu ambacho huenda hukuambiwa hata ile mara ya kwanza: dawa mseto inahitaji mafuta ili iingie vizuri mwilini. Ukiimeza kwa chai ya rangi, sehemu kubwa inapita bure. Meza pamoja na maziwa, karanga au nusu parachichi. Unakaa jirani na Rungwe, maparachichi yanashuka kwa malori.

Lakini je, zote nne zilikuwa malaria? Sina hakika, na nina sababu. Unakohoa usiku. Kuna homa inayowapata hasa wageni wa ziwa, wiki chache baada ya kuingiwa na vimelea vya kichocho kwa mara ya kwanza: joto, kikohozi, uchovu, tumbo, pengine ngozi kuwasha. Wenyeji hawaipati sana, kwa hiyo haimjii mtu akilini haraka. Kuna na taifoidi, na mkojo kama wangu, na kifua pia, maana kikohozi kinachoendelea kinastahili kupimwa kifua kikuu. Ukifika, kubali vipimo vyote watakavyokushauri, pamoja na VVU. Tena waambie wazi kwamba umemeza dawa mseto wiki iliyopita, kwa sababu kile kipimo cha haraka cha tone la damu kinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Omba damu yako itazamwe kwa hadubini.

Kwa mtoto, hakuna cha kusubiri akipata homa. Apimwe siku hiyo hiyo au kesho yake. Akishikwa na degedege, akitapika kila kitu, akishindwa kunywa, akilala mno kiasi cha kuwa mgumu kuamka, au mkojo ukiwa mweusi kama soda ya kola, panda bodaboda hata kama ni saa tisa usiku. Mkojo mweusi pamoja na homa si ile damu uliyoiona juzi. Yule wa juzi alikuwa anakimbia anacheza, huyu atakuwa amelegea.

Chandarua najua mnacho, sitakuhubiria. Ninachotaka kujua ni mtoto anakusubiri wapi unapofanya kazi jioni. Kama anakaa nje ya jiko mpaka saa nne usiku na kaptula, chandarua cha nyumbani hakijamsaidia. Mvalishe suruali na mikono mirefu, mpake dawa ya kufukuza mbu, au mwombe jirani unayemwamini ili mtoto alale mapema kwake ndani ya neti.

Kumkataza ziwa sitakuambia, kwa sababu hutaweza, na ndilo lililompa marafiki. Atibiwe, kisha mzoeshe mambo mawili: asiingie penye matete na maji yaliyosimama, wala karibu na midomo ya mito, na huko kuna mamba pia, na asikojoe wala kujisaidia majini. Maji ya ziwa ya kuogea na kuoshea vyombo yachote, yafunike, uyaache siku mbili kamili kabla ya kuyagusa. Vimelea vya kichocho haviishi muda huo bila mwili wa kuingia. Ya kunywa yachemshe kila mara, mvua za Kyela huwa zinaleta na kipindupindu.

Nije kwenye karatasi, maana naona ndizo zilizokuweka dukani badala ya hospitali. Nimefanya kazi wodini miaka 31. Tulimwuliza mgonjwa jina, umri, anakoishi, anaumwa nini. Pasipoti sikuwahi kuidai, wala sikumwona mwenzangu akiidai kabla ya kumpima mtoto mkojo. Kama huna bima utalipa mkononi, uliza bei ya vipimo kabla, nenda na fedha. Woga wako naujua, lakini umekufanya ujitibu kwa kubahatisha mara tatu.

Kibali nacho kisikae hivyo. Mkenya akiingia Tanzania hagharamii viza, ila ule muhuri ni wa matembezi. Kazi ya mshahara inataka viwili: kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaaji cha Uhamiaji, daraja B. Sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni inamtaka mwajiri ndiye aombe kibali cha kazi, na anayemwajiri mgeni bila kibali naye ana kosa. Mwambie hivyo kwa adabu lakini kwa uwazi, na umpe tarehe. Kwa muda uliopita kwenye pasipoti, usikae kusubiri ukaguzi. Zungumza kwanza na ubalozi wa nchi yako ulioko Dar es Salaam, kisha nenda Uhamiaji mwenyewe, ikiwezekana pamoja na mwajiri. Anayejipeleka husikilizwa tofauti na anayekamatwa.

Urudi Limuru? Ziwa halina wa kumpokea wala wa kumkataa, mwanangu. Lina konokono na kando yake kuna mbu, na vyote viwili vina dawa. Kama unarudi kwa sababu umemkumbuka mama yako, nauli ni halali yako. Kama ni kwa ajili ya homa, subiri kwanza upimwe sawasawa mara moja. Mimi nilikaa Kyela miaka tisa baada ya ile wodi, na hata sasa nikiwa Tukuyu naagiza mchele wangu huko. Wenyeji walinifungukia nilipoacha kusema “nipe” sokoni nikasema “naomba,” na nilipojifunza “ndaga fijo” ya kushukuru. Nadhani na nyinyi watu wa Limuru mna “nipe” nyingi kama sisi wa Makete. Jirani aliyesema mtoto anakua, mrudie ukiwa na majibu mkononi, umwambie wake naye apimwe.

Nenda Jumatatu, na uende na mtoto. Usimpeleke alfajiri, mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kwenye mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mwache arukeruke kidogo uwanjani kabla ya kupewa kikopo, na mwambie asiyamwage yale matone ya mwisho, maana ndiyo yanayotafutwa. Wewe beba daftari lenye tarehe za homa zote nne na vidonge ulivyomeza kila mara. Kisha niandikie majibu, yako na yake.